Seti ya kufundishia maisha ya Abraham Lincoln inayouzwa Ngamiani, Tanga: inunuliwe, ila isahihishwe kabla ya kutundikwa

Mfuko mmoja wa plastiki ngumu, ndani mna mabango manne ya ukubwa wa A2, ramani moja ya ukubwa huohuo, kijitabu cha kurasa 40 na kadi 36. Hiyo ndiyo seti ya maisha ya Abraham Lincoln inayopatikana kwenye steshenari za Ngamiani hapa Tanga kwa shilingi 25,000. Bango moja moja huuzwa shilingi 5,000, kadi haziuzwi bila seti. Imechapwa hapahapa nchini, iko kwa Kiswahili, na imelengwa kwa walimu wa Historia wa sekondari pamoja na klabu za midahalo.

Sifa yake kubwa ni kwamba imemtafuta Lincoln pale alipotumia sehemu kubwa ya utu uzima wake, yaani mahakamani. Alipata leseni ya uwakili tarehe 9 Septemba 1836 na akaapishwa kuwa rais wa Marekani tarehe 4 Machi 1861. Kati ya siku hizo mbili kuna karibu robo karne ya kesi za madeni, mipaka ya mashamba, mifugo na kampuni za reli. Asiyeijua robo karne hiyo atapata shida kueleza kwa nini rais huyu alilishughulikia suala la utumwa hatua kwa hatua, kwa karatasi na vifungu. Vijitabu vingi vya shule huruka kutoka kibanda cha magogo cha Kentucky moja kwa moja hadi Ikulu. Hiki hakikuruka.

Bango la kwanza linakwenda haraka, na ni sawa liende haraka: kuzaliwa 12 Februari 1809, kuhamia Indiana mwaka 1816, kufiwa na mama mwaka 1818, kuhamia Illinois mwaka 1830, na masomo ya darasani ambayo yote yakijumlishwa hayakufika mwaka mmoja. Jambo moja ndani yake linastahili kusimamiwa na mwalimu: siasa ilitangulia uwakili. Lincoln aligombea ujumbe wa bunge la jimbo la Illinois mwaka 1832 akashindwa, akarudi mwaka 1834 akashinda, na sheria akaisomea akiwa tayari mbunge. Hakusoma chuo cha sheria. Mbunge mwenzake, John Todd Stuart, alimshauri asome na kumwazima vitabu, na mwaka 1837 wawili hao wakafungua ofisi pamoja mjini Springfield. Mshale uliochorwa kwenye bango, kutoka "wakili" kwenda "mwanasiasa", unapotosha mfuatano huo. Geuza kichwa cha mshale kwa makapeni, mambo yatakaa sawa.

Bango la pili peke yake linatosha kumfanya mtu atoe fedha. Linaeleza Mzunguko wa Nane wa mahakama za Illinois, ambapo jaji na mawakili walifunga safari pamoja kutoka makao ya kaunti moja hadi nyingine, majira ya kuchipua na majira ya mapukutiko, wakilala nyumba moja ya wageni na kesho yake wakipingana mbele ya baraza la wazee wa mahakama. David Davis, aliyekuwa jaji wa mzunguko huo, ndiye aliyekuja kuiongoza kambi ya Lincoln kwenye mkutano wa chama cha Republican wa mwaka 1860, uliomteua kugombea urais. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho mtandao wa siasa unavyosukwa: haukuanzia kwenye majukwaa, ulianzia njiani na mezani. Ada zimewekwa pia. Kesi za kawaida zilimlipa dola chache tu, lakini kampuni ya reli ya Illinois Central alipoitetea isitozwe kodi na Kaunti ya McLean alidai dola 5,000. Kampuni ilipokataa, aliishtaki mwaka 1857 na akalipwa. Kwa mji uliokuzwa na reli kama Tanga, hapo maswali ya wanafunzi huwa hayakauki.

Kisha kuna kesi mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, na aliyeamua kuziweka hivyo anaijua kazi yake. Ya kwanza ni Bailey dhidi ya Cromwell, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Illinois mwaka 1841. David Bailey aliandika hati ya kuahidi kulipa fedha ili amchukue mwanamke mweusi aitwaye Nance kutoka kwa Nathan Cromwell. Cromwell akafariki, wasimamizi wa mirathi wakaidai ile fedha. Lincoln alimtetea Bailey kwa hoja ya mkataba: Illinois kila mtu huchukuliwa kuwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo, mtu huru hauzwi, basi hati hiyo haina kitu nyuma yake. Mahakama ikakubali, na Nance akawa huru.

Ya pili ni ya Matson, Kaunti ya Coles, mwaka 1847. Robert Matson alikuwa na watumwa Kentucky na shamba Illinois, na alikuwa akiwaleta watumwa wake kulima kisha kuwarudisha. Jane Bryant na watoto wake wanne walipokimbilia kwa majirani waliopinga utumwa, Matson alikwenda mahakamani kuwadai, na mmoja wa mawakili wake alikuwa Lincoln huyuhuyu. Hoja yake ilikuwa kwamba watu hao walikuwa Illinois kwa muda tu, hawakuletwa wakae, hivyo sheria ya jimbo huru, yaani lisiloruhusu utumwa, haiwagusi. Mahakama ilimkatalia. Jane na wanawe wakawa huru, na wakili aliyeshindwa akiwa ni Lincoln.

Kesi hizi zifundishwe siku moja, kipindi kimoja. Ukifundisha ya Nance peke yake unatengeneza malaika. Ukifundisha ya Matson peke yake unatengeneza mnafiki. Kasoro iliyopo ni ya uchapaji. Maelezo ya Nance yamechapwa kwa herufi kubwa katikati ya bango, ya Matson yamebanwa chini kwa herufi ndogo ambazo kuanzia dawati la tatu hazisomeki. Kijitabu kina maelezo yaleyale ukurasa wa 15. Mpe mwanafunzi mmoja asimame asome kwa sauti, wengine wafuatilie kwenye bango.

Kesi ya mwezi, ya Mei 1858 mjini Beardstown, nayo imeandaliwa vizuri. Duff Armstrong alishtakiwa kwa mauaji yaliyotokea usiku wa 29 Agosti 1857. Shahidi aliapa kuwa aliona kila kitu akiwa futi 150 hivi kutoka hapo, kwa mwanga wa mwezi. Lincoln akatoa kalenda ya nyota mahakamani, ikaonyesha kuwa saa ile mwezi ulikuwa umeinama sana, unakaribia kuzama. Armstrong akaachiwa. Zoezi lililopendekezwa ni kusoma na kujibu maswali manne, na hapo fursa imepotea. Fanya hivi: pima mita 45 uwanjani kwa futi kamba, msimamishe mwanafunzi mwenye kitu mkononi, uwaulize wenzake ameshika nini. Hata jua la saa nne asubuhi wengi watakosea. Watoto wa Chumbageni na Raskazone wanaofuatana na wavuvi wanajua kwamba mwezi hauzami saa ileile kila siku; wape wao waeleze sehemu hiyo.

Bango la tatu linahusu midahalo ya Lincoln na Stephen Douglas, na hapa ndipo makapeni inapoanza kazi kweli. Kichwa kinasema midahalo hiyo ilikuwa ya kugombea urais na kwamba Lincoln alishinda. Si kweli kwa pande zote mbili. Midahalo saba ya mwaka 1858, kuanzia Ottawa tarehe 21 Agosti hadi Alton tarehe 15 Oktoba, ilikuwa ya kiti cha Seneti cha Illinois, na Lincoln alikikosa. Sababu ya kukikosa ndiyo somo lenyewe: wakati huo maseneta hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, walichaguliwa na bunge la jimbo, na bunge la Illinois lilimpa Douglas kura 54 dhidi ya 46. Wananchi walianza kuchagua maseneta nchi nzima baada ya marekebisho ya katiba ya mwaka 1913. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo hataelewa kwa nini watu wawili walizunguka jimbo zima wakihutubia umati ambao haukuwa na karatasi ya kura yenye majina yao. Urais ni habari ya mwaka 1860, wagombea wakiwa wanne, na Lincoln alishinda kwa kura 180 za wajumbe wa uchaguzi, ambao ndio humchagua rais, huku kura za wananchi zikiwa chini kidogo ya asilimia 40.

Mwongozo wa kuendesha mdahalo darasani unagawa dakika tano kwa kila hotuba. Mgawo huo unaua mtindo wenyewe. Kule msemaji wa kwanza alipewa dakika 60, wa pili dakika 90, kisha wa kwanza akarudi kwa dakika 30. Kila mmoja alikuwa na dakika 90 jumla, ila mmoja kazikata vipande viwili na mwingine kazipata kwa mkupuo. Kipindi chetu ni dakika 40. Gawanya kila muda kwa sita: 10, 15 na 5, jumla 30, na dakika 10 zinazobaki ziwe za maswali. Wa pili akipewa dakika 15 mfululizo analazimika kujenga hoja, na wa kwanza anajifunza kubakiza risasi kwa zile dakika tano za mwisho. Mtunza muda apige kengele dakika moja kabla, si muda unapokwisha, la sivyo msemaji hukatwa katikati ya sentensi na ukumbi huingia makelele. Mkifanya mfululizo, badilishaneni kufungua: Douglas alifungua mara nne, Lincoln mara tatu.

Swali la kutumia ni lile la Freeport. Lincoln alimuuliza Douglas kama wakazi wa eneo ambalo bado si jimbo wanaweza kihalali kuuzuia utumwa. Akijibu hapana anawapoteza watu wa Illinois, akijibu ndiyo anawaudhi watu wa majimbo ya Kusini yenye watumwa. Alijibu kwamba wanaweza, kwa kutopitisha sheria za kuulinda, na mwaka 1860 Kusini haikumsamehe. Seti inalieleza swali hili kwa ufasaha.

Ilichokiacha ni Charleston, 18 Septemba 1858, ambako Lincoln alisimama mbele ya umati na kusema haungi mkono usawa wa kijamii na kisiasa kati ya watu weupe na weusi. Kulificha neno hilo kwa mwanafunzi wa Kiafrika ni kumkosea heshima. Ana akili ya kulibeba. Ataliweka pamoja na hotuba ya mwisho ya Lincoln, 11 Aprili 1865, alipotamka hadharani kwamba angependa baadhi ya wanaume weusi wapewe kura, akiwataja wenye elimu na waliopigana jeshini, na atapima mwenyewe umbali uliotembewa ndani ya miaka saba. Pembeni ya bango kuna nafasi tupu ya upana wa viganja viwili. Bandika hapo karatasi yenye tarehe hizo mbili.

Bango la nne ndilo lenye kosa zito. Limeandika kwa wino mwekundu kwamba tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alikomesha utumwa Marekani nzima. Tangazo la Ukombozi, alilolitoa siku hiyo, halikufanya hivyo, na lisingeweza. Liliwahusu watumwa walioko kwenye maeneo ya Kusini yaliyoasi tu, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wa serikali, hayakuguswa, Tennessee haikutajwa, sehemu za Louisiana na Virginia zilizokuwa tayari mikononi mwa jeshi la serikali ziliondolewa kwa majina, kaunti kwa kaunti. Sababu iko kwenye bango la pili, kwa huyo wakili wa Mzunguko wa Nane. Katiba haikumpa rais mamlaka ya kufuta utumwa ndani ya jimbo tiifu. Ilimpa uamiri jeshi mkuu, na amiri jeshi anaweza kumnyang'anya adui nguvu kazi yake kama hatua ya vita. Kwa hiyo alikwenda mpaka pale hoja ya vita ilipomfikisha, akasimama. Jaji mkuu alikuwa bado Roger Taney, aliyeandika hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857 iliyosema watu weusi si raia. Tangazo lililolegea lingepelekwa mbele yake. Taney alifariki Oktoba 1864.

Kilichomaliza utumwa kisheria ni Marekebisho ya 13 ya Katiba. Seneti iliyapitisha 8 Aprili 1864, Baraza la Wawakilishi likayapitisha 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, na idadi ya majimbo iliyotakiwa ikatimia 6 Desemba 1865. Lincoln alikuwa amekwishauawa: alipigwa risasi tarehe 14 Aprili na akafa kesho yake asubuhi. Maryland na Missouri zilikuwa zimejiondolea utumwa zenyewe, lakini Kentucky na Delaware zilingoja Desemba hiyo. Futa maneno mekundu kwa kubandika karatasi nyeupe juu yake, uandike: "Tangazo la 1863: maeneo yaliyoasi. Marekebisho ya 13, 1865: nchi nzima." Wino wa makapeni hauzibi wekundu ule, usijisumbue. Wala hili si kosa la kuachia lipite kwa kuwa ni dogo: mwanafunzi akiandika "alikomesha utumwa wote 1863", hawezi tena kujibu kwa nini marekebisho yalihitajika miaka miwili baadaye.

Kadi ni 36, za kupanga kwa mfuatano wa miaka, na kwa vikundi vya watu sita zinatosha meza tatu, kadi 12 kila meza. Kabla ya kuzigawa toa mbili. Kadi ya 1847, Lincoln akiingia Baraza la Wawakilishi kwa tiketi ya chama cha Whig, ina picha yake akiwa na ndevu. Ndevu alianza kuzifuga mwishoni mwa 1860, baada ya msichana wa miaka 11 aitwaye Grace Bedell kumwandikia barua Oktoba mwaka huo kumshauri azifuge. Wanafunzi wanaopanga kwa kuangalia sura, na ndivyo wengi wanavyofanya, wataiweka kadi hiyo miaka 13 mbele. Kadi nyingine imewachanganya Stephen Douglas na Frederick Douglass. Wa kwanza ni seneta mweupe wa Illinois, mpinzani wa midahalo. Wa pili alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka, akawa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa, akaonana na Lincoln Ikulu. Kadi ina picha ya Frederick na maelezo ya Stephen. Hii haisahihishiki kwa kalamu. Itupe, chonga nyingine kwa manila.

Ramani ni safi isipokuwa West Virginia, iliyochorwa kama jimbo mwaka 1861. Ilipokelewa 20 Juni 1863. Andika mwaka huo juu yake, yatosha.

Kurasa sita za mwisho za kijitabu zinahusu jinsi vita hivyo vya Marekani vilivyoigusa pwani yetu, nazo zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Zinaanza na mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, zinapita kwa wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Marekani, na ubalozi mdogo uliofunguliwa Unguja mwaka 1837, zinafika kwenye merikani, kitambaa cha pamba kilichobebwa na misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Tanga kwenda bara. Vita vya 1861 hadi 1865 viliibana pamba, merikani ikaadimika na bei ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata mlango. Mwandishi hakufanya kosa la kudai kwamba tangazo la Lincoln lilifunga biashara ya watumwa huku kwetu. Ameeleza sawasawa kwamba soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 chini ya Sayyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, na kwamba Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa ilikuja 1922. Mwalimu wa Kidato cha Tatu anaweza kutumia kurasa hizi sita peke yake.

Upande wa uimara, hewa ya Tanga haitaisamehe. Mabango yamepitishwa plastiki upande mmoja tu. Karatasi ya nyuma inanyonya unyevu inatanuka, plastiki ya mbele haitanuki, bango linajikunja kwa mbele na selotepu inabanduka. Gundisha fito nyembamba juu na chini, ning'iniza kwa kamba, na acha upenyo wa kidole kati ya bango na ukuta hewa ipite. Usitundike mkabala na dirisha la upande wa bahari, wekundu utapauka. Pini za kijitabu hushika kutu na kula karatasi kwenye mkunjo. Zitoe mapema ushone kwa uzi wa katani. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, ingiza sindano tundu la kati ukitokea ndani, rudi ndani kwa tundu la juu, toka kwa la chini, rudi ndani tena kwa la kati, kisha funga ncha mbili juu ya ule uzi mrefu ili ubanwe.

Mwenye bajeti ndogo anunue bango la pili na la tatu, shilingi 10,000, kwa kuwa hayo mawili yanasimama bila mengine. Bango la nne lisinunuliwe peke yake. Anayechukua seti nzima afungue mfuko palepale dukani na kuhesabu kadi: zilizo chini kabisa hushikana kwa wino, na ukizitenganisha kwa nguvu maandishi ya moja hubaki mgongoni mwa nyingine. Muuzaji hubadilisha mfuko mbele ya kaunta bila ubishi, lakini ukishatoka nje ya mlango habadilishi.